Nyumba ya Kwanza Isamehewe Mlangoni

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Walituonya tusiihukumu nyumba kwa sura yake ya nje, bali tuingie ndani tukaone wenyewe wanavyoishi. Leo tunataka kusema juu ya mlango kwa maana nyingine. Wako wananchi wengi, na miongoni mwao wako askari wa jeshi na polisi, wenye uwezo wa kuitunza nyumba, kuikarabati na kuilipia mkopo mwezi hata mwezi, lakini hushindwa kuingia. Hukwama mlangoni, siku ile ya kununua, pale zinapokusanyika kwa pamoja bei ya muuzaji, ada za mkataba, gharama za mkopo na kodi ya mauzo. Maoni yetu ni kwamba kwa mtu anunuaye nyumba ya kwanza maishani mwake, kodi hiyo ya mlangoni yafaa isamehewe, na kwamba nafuu hiyo isimamiwe kwa namna itakayomfikia yeye na si mtu mwingine.

Tuitazame Nkanka. Sekta hii ya Wilaya ya Rusizi, katika eneo lililokuwa Mkoa wa Cyangugu hadi mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006, ni nchi ya vilima vinavyoteremka hadi maji ya Ziwa Kivu. Watu wake hulima kahawa, migomba na maharage, na ziwani huvuliwa sambaza. Si mbali na mji wa Kamembe, na Rusizi ni mmojawapo wa miji sita iliyoteuliwa kukuzwa ili Kigali isibebe mzigo peke yake. Mingine ni Huye, Muhanga, Musanze, Rubavu na Nyagatare. Mji unapokua, shamba la jana huwa kiwanja cha leo, na bei ya kiwanja haimsubiri mtu aliye safarini.

Askari ni mtu wa safarini. Huamriwa kwenda, akaenda. Huamriwa kukaa, akakaa. Hulala kambini miaka mingi, au hupanga chumba karibu na kituo chake cha kazi, na kila uhamisho humrudisha alikoanzia. Tuseme yuko koplo mmoja, mzaliwa wa Nkanka, ambaye mkewe na watoto wanaishi katika nyumba ya kupanga. Kila apatapo likizo huteremka kwao, hutazama kilima kile kile juu ya ziwa, huuliza bei, akaondoka na hesabu mpya kichwani. Watumishi wa vyombo vya ulinzi hustaafu wakiwa bado na nguvu, na mara nyingi watoto wao wakiwa bado shuleni. Siku ya kuvua sare ikimkuta hana paa lake mwenyewe, heshima yote ya utumishi wake haitamkinga na mvua ya Rusizi. Jambo hili basi si dogo, na si la watu wa fedha peke yao.

Yafaa kwanza tuijue sheria ilivyo, maana wengi huogopa kodi ambayo hawadaiwi, na wengine hushangazwa na kodi ambayo hawakuitarajia. Sheria Namba 048/2023 ya tarehe 5 Septemba 2023, inayohusu vyanzo vya mapato ya serikali za mitaa, ilileta nafuu kubwa. Kodi ya ardhi, ambayo chini ya sheria ya mwaka 2018 iliweza kufika faranga 300 kwa kila mita ya mraba, ilishushwa isizidi faranga 80. Kodi ya majengo ya makazi ilipunguzwa kutoka asilimia 1 ya thamani hadi nusu ya asilimia 1. Tena sheria imeendelea kulinda msingi uliokuwapo tangu zamani, kwamba nyumba moja ambayo mwenyewe ameitaja kuwa ndiyo makazi ya familia yake haitozwi kodi hiyo ya kila mwaka. Huo ni msingi wa busara. Taifa limesema kwamba paa moja juu ya kichwa cha familia si utajiri wa kutozwa, bali ni haja ya binadamu.

Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, imeweka kodi juu ya mauzo ya mali isiyohamishika. Mauzo yasiyozidi faranga milioni 5 hayatozwi. Zaidi ya hapo, kiwango ni asilimia 2.5, na ni asilimia 2 ikiwa muuzaji ni mfanyabiashara aliyeandikishwa. Hapa ndipo ulipo ufa tunaotaka kuuonyesha. Katika kodi ya kila mwaka, sheria hutofautisha nyumba ya kwanza na ya pili. Katika kodi ya mauzo, haitofautishi mtu anunuaye nyumba yake ya kwanza na yule anunuaye ya kumi ili aipangishe. Mlango mmoja unafunguliwa kwa kila mwenye nyumba baada ya kuingia. Lakini mlango wa kuingilia una ushuru ule ule kwa mwenye shida na mwenye ziada.

Watu watatuambia kwamba kodi hiyo hulipwa na muuzaji, si mnunuzi. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini nani asiyejua jinsi mambo yanavyokwenda kilimani? Muuzaji akijua kwamba atatoa kodi, huipachika ndani ya bei kabla hajaitamka. Na pengine husema waziwazi kwamba anataka fedha yake kamili mkononi, na mambo ya kodi ni ya mnunuzi. Mwenye haraka ya kununua hana nguvu ya kubishana. Jina kwenye stakabadhi ni la muuzaji, lakini mkoba uliofunguka ni wa mnunuzi.

Tupige hesabu nyepesi. Kiwanja kidogo cha Nkanka kilichouzwa kwa faranga milioni 4 na nusu hakina kodi ya mauzo hata kidogo, na koplo wetu asikubali kuambiwa vinginevyo. Lakini akitaka nyumba iliyokwisha jengwa, tuseme kwa faranga milioni 20, kodi yaweza kukaribia faranga laki 5. Kwa mwenye nyumba tano, hizo ni fedha za mwezi mmoja wa kodi za wapangaji wake. Kwa koplo wetu ni akiba ya muda mrefu, iliyokatwa katika mshahara kidogo kidogo. Haba na haba imejaza kibaba, na kibaba kimemwagwa mlangoni.

Wala fedha hizo si za anasa. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi liliipiga Bukavu na upande wetu wa Ziwa Kivu, likaua watu na kubomoa nyumba na makanisa katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Wanaoishi katika vilima hivyo wanajua kwamba tofauti kati ya ukuta uliosimama na ukuta ulioanguka ni msingi wa mawe, nondo na mkanda wa zege. Faranga laki 5 zikibaki mkononi mwa mnunuzi zaweza kuimarisha msingi, kubadili mabati yaliyooza au kujenga ukuta wa kuzuia udongo usiporomoke. Zikiondoka, familia huhamia katika nyumba kama ilivyo, na kumwachia Mungu yaliyobaki.

Hatusemi jambo ambalo halijapata kufanywa. Majirani zetu wa Kenya hutoza ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani ya mali iliyoko mjini na asilimia 2 kwa iliyoko nje ya miji. Mwaka 2018 walibadili sheria yao ili mtu anunuaye nyumba ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za gharama nafuu asitozwe ushuru huo. Huko Kanada, jimbo la British Columbia lilianzisha kodi ya ununuzi wa mali isiyohamishika mwaka 1987, na mwaka 1994 likaweka nafuu kwa wanunuzi wa mara ya kwanza. Mwombaji asiwe amepata kumiliki makazi yake mahali popote duniani; tena sharti ahamie katika nyumba ndani ya siku 92 na kukaa humo hadi mwaka wa kwanza utimie.

Lakini tusidanganyane. Nafuu ya kodi yaweza kutangazwa kwa shangwe na isimsaidie aliyekusudiwa. Uingereza ilitoa msamaha wa namna hii kuanzia Machi 2010 hadi Machi 2012, na uchunguzi wa mamlaka yao wenyewe ya kodi ukaona kwamba idadi ya wanunuzi wapya walioongezeka kwa sababu yake ilikuwa ndogo. Waliporudia mwaka 2017, wakisamehe ushuru kwa nyumba ya kwanza isiyozidi pauni 300,000, ofisi yao inayojitegemea ya makadirio ya bajeti ilionya kwamba bei zingepanda, na kwamba wenye nyumba tayari wangefaidi kuliko wanunuzi. Sababu yake si ngumu. Ikiwa nyumba ni chache na wanaozitaka ni wengi, muuzaji akisikia kwamba mnunuzi amesamehewe laki 5, huongeza laki 5 katika bei. Wahenga husema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hapa pakacha litakuwa limevuja, na mchukuzi bado anatokwa jasho lile lile.

Kwa hiyo nafuu tunayoipendekeza iwe na masharti manne, na yote manne yawezekana hapa kwetu.

Kwanza, iwe ya nyumba ya kwanza kweli. Katika nchi nyingi sharti hilo ni gumu kuthibitisha, kwa kuwa daftari za ardhi zimetawanyika au hazipo. Rwanda imekwisha fanya kazi hiyo. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2013 vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 vilipimwa na kuandikishwa, na leo hati hutolewa kwa njia ya elektroniki. Mamlaka ya Kitaifa ya Ardhi yaweza kujua mara moja kama mwombaji au mwenzi wake ana nyumba nyingine. Chombo kipo, kilichobaki ni kukitumia.

Pili, iwe na mpaka wa bei. Msamaha usio na mpaka humpa nafuu kubwa zaidi yule anunuaye kasri. Mpaka uwekwe kwa kuzingatia bei za kila eneo, maana nyumba ya Nkanka si nyumba ya Kigali.

Tatu, ionekane kwenye mkataba. Bei iandikwe kwanza pamoja na kodi, kisha kodi iliyosamehewe itolewe, na jumla anayolipa mnunuzi isomwe mbele ya mthibitishaji wa ardhi. Hatusemi kwamba hilo litamzuia kila muuzaji mjanja. Lakini kitu kilichosomwa kwa sauti mbele ya mashahidi ni kigumu kufichwa kuliko kilichokubaliwa chini ya mgomba.

Nne, na hapa tunawasemea hasa wasomaji wetu wenye sare, sharti la kukaa ndani ya nyumba lisimgeuke mtumishi wa taifa. Ni haki kudai kwamba aliyesamehewa aishi katika nyumba, asiipangishe siku ya pili. Lakini kanuni kama ile ya siku 92, ikinakiliwa bila kufikiri, itamwangusha askari aliyepelekwa mpakani, na polisi aliyeko katika kazi ya kulinda amani nchi za nje. Yeye hakukataa kuishi kwake, ametumwa. Basi itoshe kwamba mke, mume, watoto au wazazi wake wanaishi humo. Na kwa asiye na familia, barua ya mkuu wake wa kikosi ihesabiwe kuwa ushahidi kwamba yuko kazini.

Hata hivyo, hatuombi kwamba msamaha huu uwe wa askari na polisi peke yao. Mwalimu wa Nkanka, muuguzi wa kituo cha afya na mvuvi wa sambaza nao wanahitaji nyumba ya kwanza. Askari akipewa nafuu ambayo jirani yake amenyimwa, atakuwa amepewa nyumba na kupokonywa ujirani. Mwanajeshi wetu hutoka kwa wananchi na hurudi kwa wananchi. Na arudi akiwa chini ya sheria moja nao.

Wako watakaouliza pengo la mapato litazibwa na nini. Ni swali la haki. Mapato haya ni ya serikali za mitaa, na faranga isiyokusanywa Rusizi ni faranga isiyotengeneza barabara ya Rusizi. Jibu letu ni kwamba nafuu yenye mpaka wa bei haitakula sehemu kubwa, na tena yaweza kuleta faida isiyoonekana mara moja. Kwa miaka mingi ada ya kuhamisha hati ilikuwa takriban faranga 30,000 bila kujali thamani ya ardhi, na wengi wa vijijini, wakiiona ada hiyo inakaribia bei ya kishamba chenyewe, waliuziana kwa karatasi za mkononi. Daftari ya taifa ikabaki na majina ya watu waliokwisha uza. Kila gharama ya mlangoni inayopungua humvuta mtu atoke gizani aje kuandikishwa. Na aliyeandikishwa ndiye awezaye kutozwa kwa haki kesho atakapopata nyumba ya pili.

Jambo hilo la karatasi za mkononi ndilo linalotufanya tuseme nanyi moja kwa moja, ndugu askari na polisi, kabla hatujafunga. Sheria ibadilishwe au isibadilishwe, yako mambo ambayo yako mikononi mwenu.

Msinunue ardhi kwa karatasi ya mkononi, hata kama muuzaji ni ndugu wa damu. Askari aliye mbali ndiye mtu rahisi kuliko wote kuuziwa kiwanja kilichokwisha uzwa. Akifariki kazini, mjane wake hubaki na karatasi yenye alama za vidole vya mashahidi, na mtu mwingine hutokea na hati. Uhamisho ufanywe mbele ya mthibitishaji anayetambuliwa, na jina jipya lionekane katika daftari ya taifa.

Hakikisheni kwamba mwenzi wa muuzaji amekubali. Sheria yetu hutaka ridhaa ya mume na mke wenye haki juu ya ardhi. Mauzo yaliyofanywa kwa siri ya mke ni nyumba iliyojengwa juu ya mchanga.

Msikubali kuandika bei ya uongo ili kukwepa kodi. Tunajua kwamba shauri hilo hutolewa kwa kunong'ona, nalo huonekana tamu: tumelipana milioni 20, tuandike 8. Lakini mambo yakiharibika na mkaenda mahakamani kudai fedha zenu, karatasi itasema 8. Na kwa polisi aibu ni mara mbili, kwa sababu kesho ataitwa kumkamata mtu aliyefanya kama yeye. Tunaopigania nafuu ya halali lazima tuwe wa kwanza kukataa ya haramu.

Mwisho, itumieni akiba yenu kwa mpango. Zigama, ushirika wa akiba na mikopo wa majeshi na vyombo vya ulinzi, upo tangu mwaka 1997, na ulianzishwa kwa ajili yenu. Mkopo wa nyumba ni mzigo wa miaka mingi. Heri kuubeba kwa ajili ya paa kuliko kuubeba kwa ajili ya gari au sherehe ya siku moja. Kijana aliyeingia kazini juzi aanze kufikiri sasa juu ya nyumba ya siku ya kustaafu, wala asingoje cheo.

Kwa viongozi wetu, wabunge na wataalamu wa kodi, mwito wetu ni mfupi. Taifa limekwisha kubali kwamba nyumba moja ya familia haitozwi kodi ya kila mwaka. Msingi huo huo usogezwe hatua moja nyuma, hadi siku ya kununua, kwa masharti yatakayomzuia mjanja na kumlinda mnyonge. Hatua hiyo ikipigwa, koplo wa Nkanka atakaporudi likizo na kutazama tena kile kilima juu ya ziwa, hatakuwa akiuliza bei peke yake. Atakuwa akipima mahali pa kuweka msingi.